Madge Sinclair: Mwalimu wa Jamaika aliyekuwa sauti ya Sarabi

WATAZAMAJI wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kuisikia sauti ya Madge Sinclair pasipo kulijua jina lake. Ndiyo sauti ya Sarabi, malkia wa simba na mamake Simba, katika filamu ya vibonzo ya The Lion King iliyotoka mwaka 1994. Ni sauti nzito, isiyo na haraka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

Mwigizaji huyo alifariki dunia mnamo Desemba 20, 1995 jijini Los Angeles, Marekani, akiwa na umri wa miaka 57. Ugonjwa uliomuua ni saratani ya damu, ambayo alikuwa ameishi nayo kwa miaka 13. Katika miaka hiyo ya maradhi ndipo alipofanya kazi zilizompatia jina kubwa zaidi: ucheshi wa sinema, tuzo ya juu ya televisheni na hatimaye vibonzo.

Maisha ya Sinclair yana funzo kwa yeyote anayedhani kwamba mwigizaji hupimwa kwa ukubwa wa nafasi anayopewa. Yeye hakuwa mhusika mkuu katika filamu nyingi alizocheza. Alikuwa mke wa fulani, mama wa fulani, muuguzi au mwalimu mkuu. Hata hivyo, katika kazi zake tatu zinazokumbukwa zaidi, hadithi hubadili mkondo pale mwanamke huyo wa pembeni anapoinuka na kusema.

Alizaliwa Aprili 28, 1938 mjini Kingston, mji mkuu wa Jamaika, akapewa jina la Madge Dorita Walters. Jina la Sinclair alilipata kwa mumewe wa kwanza. Kisiwa hicho cha Karibi kilikuwa bado koloni la Uingereza, na wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu kwenda kulima miwa.

Mwezi uliofuata kuzaliwa kwake, Jamaika ilitikiswa na migomo na ghasia za wafanyakazi waliodai ujira bora. Vuguvugu hilo lilizaa vyama vya wafanyakazi na vya siasa vilivyokiongoza kisiwa hadi kikapata uhuru Agosti 6, 1962, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya Kenya.

Kwa msichana mweusi wa kizazi hicho aliyefaulu masomoni, mlango uliokuwa wazi zaidi ulikuwa wa ualimu. Alisomea kazi hiyo katika chuo cha Shortwood, Kingston, kilichoanzishwa mwaka 1885 kwa ajili ya kuwafunza wanawake ualimu. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 18, aliolewa na afisa wa polisi, nao wakajaliwa watoto wawili wa kiume.

Akawa mwalimu, mke na mama. Hayo ni maisha ambayo jamaa na majirani katika Jamaika ya wakati huo wangeyahesabu kuwa yamekwisha kutengemaa.

Mwaka 1968, akiwa na miaka 30, aliyaacha. Alifunga safari hadi New York kutafuta kazi ya uigizaji, na mwaka uliofuata ndoa yake ikafikia kikomo.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Miaka 30 ni umri ambao waigizaji wengi huwa wamekwisha kujulikana au wamekwisha kukata tamaa. Isitoshe, alikuwa mgeni mwenye lafudhi ya Karibi katika nchi ambayo mwaka huo huo ilimwona Martin Luther King akiuawa kwa risasi, na ambayo sinema zake zilikuwa na mazoea ya kuwapa wanawake weusi nafasi za wapishi na watumishi wa nyumbani.

Pahali alipopata kuanzia ni jukwaani. Jijini New York palikuwa na Joseph Papp, mwanzilishi wa tamasha la maonyesho ya tamthilia za Shakespeare na wa ukumbi wa Public Theater uliofunguliwa mwaka 1967. Papp aliamini kwamba kazi za Shakespeare ni mali ya watu wote, akawaonyesha wakazi wa jiji bila malipo katika bustani ya Central Park, na akawapa nafasi waigizaji wa kila rangi.

Sinclair alicheza chini ya mwavuli huo wa Papp. Jukwaa hilo hilo lilikuwa limekwisha kumkuza mwigizaji mwingine mweusi mwenye sauti ya radi, James Earl Jones. Majina ya wawili hao yalikuja kufungamana baadaye kama kidole na pete.

Faida ya kuanzia jukwaani ilionekana katika kazi zake zote. Mwigizaji wa tamthilia hujifunza kuijaza nafasi kwa sauti na kwa kusimama, kwa kuwa hakuna kamera ya kumsogezea mtazamaji uso wake. Sinclair alipoingia kwenye sinema hakuuacha ujuzi huo. Alikuwa akisimama wima, akinena polepole, na mtazamaji akalazimika kumtazama.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa Conrack, iliyotoka mwaka 1974 chini ya mwongozaji Martin Ritt. Inasimulia kisa cha kijana mwalimu mzungu, aliyechezwa na Jon Voight, anayetumwa kufundisha watoto weusi katika kisiwa kilichotengwa karibu na pwani ya South Carolina. Ilitokana na kitabu cha mwandishi Pat Conroy kuhusu maisha yake mwenyewe ya ualimu.

Sinclair alikuwa Bi Scott, mwalimu mkuu mweusi wa shule hiyo, mwanamke mkali anayeamini kiboko na nidhamu. Ilikuwa rahisi kumfanya mama huyo kuwa adui wa hadithi. Lakini mwigizaji aliyekuwa amesimama mbele ya madarasa kwa miaka kadhaa alijua ukali wa mwalimu hutoka wapi. Bi Scott wake ni mtu mwenye hofu: anawachapa watoto kwa kuwa anajua dunia ya nje itawachapa zaidi.

Mwaka 1975 alicheza katika Cornbread, Earl and Me, kama mama wa kijana mchezaji wa mpira wa vikapu anayeuawa na polisi kwa kudhaniwa kuwa mhalifu. Katika filamu hiyo pia alionekana mtoto mmoja aliyeitwa Laurence Fishburne, ambaye baadaye naye alipata umaarufu mkubwa. Kisa cha filamu hiyo hakijazeeka. Mama anayetaka ukweli kuhusu risasi iliyomuua mwanawe ni mtu anayefahamika katika miji mingi, Nairobi ikiwemo.

Ndipo ikaja Roots. Tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha ABC kwa usiku nane mfululizo, kuanzia Januari 23 hadi Januari 30, 1977. Ilitokana na kitabu cha Alex Haley kilichochapishwa mwaka 1976, kinachofuatilia ukoo kutoka kijiji cha Juffure nchini Gambia hadi utumwani Marekani. Inakadiriwa kuwa takriban watu milioni 100 walitazama sehemu ya mwisho, idadi ambayo televisheni ya Marekani ilikuwa haijawahi kuipata kwa tamthilia yoyote.

Shujaa wa sehemu za kwanza ni Kunta Kinte, kijana wa Kimandinka anayetekwa akienda msituni kutafuta mti wa kutengenezea ngoma. Ujana wake uliigizwa na LeVar Burton na utu uzima wake na John Amos. Baada ya kutoroka mara kadhaa, wawindaji wa watumwa wanamkata sehemu ya mguu.

Hapo ndipo anapoingia Bell, mpishi wa nyumba kubwa ya bwana, aliyechezwa na Sinclair. Bell anamuuguza Kunta, anamlisha, anamgombeza, na hatimaye anamfanya asimame tena. Wanaoana na kupata binti, Kizzy. Anapofikia umri wa kuolewa, Kizzy anauzwa kwa sababu alitumia ujuzi wake wa kuandika kughushi cheti cha kusafiria kwa ajili ya kijana aliyempenda.

Uzito wa nafasi hiyo ya Bell upo katika mambo mawili. Kwanza, bila yeye Kunta Kinte angekufa akiwa mtumwa mlemavu asiye na mtoto, na ukoo mzima unaosimuliwa usingekuwapo. Pili, Bell alikuwa ameishi akiamini kwamba utumishi wake mwema ungeilinda familia yake. Siku Kizzy anapofungwa na kutupwa kwenye gari la farasi, imani hiyo inavunjika mbele ya macho ya mtazamaji. Sinclair aliiigiza siku hiyo kwa namna ambayo waliomwona hawakuisahau, na akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy.

Baada ya Roots hakukosa kazi. Mwaka 1978 alikuwa dereva wa lori katika Convoy ya mwongozaji Sam Peckinpah, filamu ya madereva wa masafa marefu wanaokaidi polisi barabarani. Ilikuwa dalili ya mapema kwamba mama huyo wa machozi alikuwa pia na jicho la mzaha.

Mwaka 1980 alipata ajira iliyomweka kwenye televisheni kila wiki. Tamthilia ya Trapper John, M.D. ya kituo cha CBS, iliyohusu hospitali moja ya San Francisco, ilikuwa imempoteza mwigizaji Mary McCarty, aliyekuwa muuguzi katika hadithi hiyo na aliyefariki mwaka huo. Sinclair aliletwa kuwa muuguzi mpya, Ernestine Shoop, akaishika nafasi hiyo hadi tamthilia ilipomalizika mwaka 1986. Aliteuliwa mara tatu kuwania Emmy kwa kazi hiyo.

Ni katikati ya miaka hiyo, mwaka 1982, alipogunduliwa kuwa na saratani ya damu. Katika maradhi hayo, uboho ulio ndani ya mifupa huzalisha chembe nyeupe za damu zisizo za kawaida, zikawabana zile nzima. Mgonjwa huishiwa nguvu, huvuja damu kwa urahisi na hushindwa kujikinga na maambukizi. Leo dawa ni bora zaidi. Wakati ule matumaini yalikuwa haba.

Kwa hiyo kwa miaka minne mfululizo, mwanamke aliyewaliwaza wagonjwa wa kuigiza mbele ya kamera alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa wa kweli. Utengenezaji wa tamthilia za kila wiki nchini Marekani ni kazi ya kuamka alfajiri na kurudi usiku kwa miezi mingi ya mwaka. Muuguzi Shoop hakuonekana kuchoka.

Tamthilia hiyo ilipokwisha, wengi wangesema hapo pa kupumzika pamefika. Sinclair alikuwa ndio kwanza anakaribia kilele.

Mwaka huo huo wa 1986 alionekana kwa dakika chache katika filamu ya nne ya Star Trek, iliyoongozwa na Leonard Nimoy. Alikuwa nahodha wa chombo cha anga kinachozimwa nguvu na mgeni asiyejulikana kutoka mbali. Nafasi ilikuwa fupi, lakini mashabiki wa hadithi hizo humhesabu kuwa mwanamke wa kwanza kuonyeshwa akiongoza chombo cha kundi hilo la nyota. Hakupewa hata jina. Alipewa kiti cha nahodha, naye akakikalia kana kwamba kilikuwa chake siku zote.

Ilipofika Juni 1988, ikatoka Coming to America. Eddie Murphy alikuwa Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, anayekataa mke aliyechaguliwa na wazazi na kwenda New York kujitafutia wake akijifanya maskini. James Earl Jones alikuwa mfalme Jaffe Joffer, na Sinclair malkia Aoleon. Mwongozaji alikuwa John Landis.

Mwafrika anayeitazama filamu hiyo huwa na mawili. Zamunda ni Afrika ya ndoto ya Hollywood, yenye ndovu wanaotembea bustanini na mfalme anayevaa ngozi ya simba mabegani hata akiwa New York. Kuna wanaoikasirikia na kuna wanaoicheka. Lakini pia ilikuwa mara ya nadra kwa sinema kubwa ya Marekani kuonyesha familia ya Kiafrika yenye mali, elimu na mapenzi, isiyomsubiri mzungu kuja kuiokoa.

Katikati ya vituko hivyo Sinclair alifanya kazi ambayo wachekeshaji huithamini kuliko watazamaji wanavyoitambua. Alikataa kuchekesha. Kila ucheshi huhitaji mtu mmoja asiyecheka, ambaye uzito wake ndio unaoufanya upuuzi wa wenzake uonekane. Waliokua na kipindi cha Vitimbi cha KBC wanalijua jambo hili: vituko vya Mzee Ojwang' visingekuwa na ladha ile kama Mama Kayai asingekuwapo kumkazia macho.

Malkia Aoleon ana neno lake pia. Mwishoni, baada ya mfalme kumfukuza msichana anayependwa na mwanawe kwa hoja ya kutunza mila, malkia anamwambia mumewe ndani ya gari kwamba mila hiyo ni ya kipumbavu. Mfalme anajitetea kwa kuuliza yeye ni nani hata aibadilishe. Malkia anamjibu kwamba alidhani yeye ndiye mfalme. Watazamaji hucheka, lakini ndipo fundo la hadithi linapofunguka: siku ya arusi Akeem anaufunua ushungi na kumkuta mchumba aliyemtaka. Sentensi moja ya mke imefanya yale ambayo utajiri wote wa Zamunda haukuweza.

Mwaka 1990 Sinclair na Jones walikutana tena, safari hii kwenye televisheni. Katika tamthilia ya Gabriel's Fire ya kituo cha ABC, Jones alikuwa Gabriel Bird, polisi wa zamani wa Chicago anayetoka gerezani baada ya miaka 20. Sinclair alikuwa Josephine, mwenye mkahawa ambaye watu wa mtaa humwita Empress, yaani malkia mkuu. Mfungwa huyo wa zamani anajifunza upya kuishi na watu, na mkahawa wa Josephine ndio shule yake.

Mwaka 1991, katika tuzo za Emmy, Jones alitajwa mwigizaji bora wa kiume katika tamthilia, na Sinclair akatajwa mwigizaji bora wa kike msaidizi. Baada ya kuteuliwa mara kadhaa kwa miaka 14 bila kushinda, alipanda jukwaani akiwa na umri wa miaka 53, akiwa mgonjwa kwa miaka tisa. Neno msaidizi lililokuwa katika tuzo hiyo lilikuwa muhtasari wa kazi yake yote, na siku hiyo halikuwa dogo.

Tamthilia hiyo ilibadilishwa mwaka huo, ikahamishiwa Los Angeles na kuitwa Pros and Cons. Ilichangamshwa ili iwe nyepesi, na wahusika hao wawili wakaoana. Haikudumu, ilimalizika mwaka 1992.

Mwaka 1993 Sinclair alirejea katika ulimwengu wa Star Trek, katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa The Next Generation. Alikuwa tena nahodha, na pia mama wa mhandisi Geordi La Forge aliyechezwa na LeVar Burton. Kijana aliyekuwa Kunta Kinte katika Roots, ambaye utu uzimani alikuwa mume wa Bell, sasa akawa mwanawe. Kwa watu weusi wa Marekani waliozikumbuka zile siku nane za mwaka 1977, mkutano huo ulikuwa na maana kuliko ulivyoandikwa.

Kisha ikaja The Lion King. Kampuni ya Disney ilikuwa imewatuma wasanii wake Kenya kujionea mandhari na wanyama, na miamba ya Hell's Gate karibu na Naivasha ni miongoni mwa mahali walipozuru. Majina kadhaa ya wahusika yalichukuliwa katika Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Wimbo wa kufungulia ukawa na maneno ya Kizulu, ukiimbwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Na wafalme wawili wa Zamunda wakaitwa tena: Jones akawa Mufasa, Sinclair akawa Sarabi.

Uigizaji wa vibonzo una utaratibu wake. Sauti hurekodiwa kwanza, mara nyingi kila mwigizaji akiwa peke yake studioni, kisha wachoraji huchora midomo na nyuso kwa kuifuata sauti hiyo. Mwigizaji hana vazi, hana mwenzake mbele yake, hana mwili. Kwa mtu anayedhoofishwa na maradhi, ilikuwa kazi inayomwachia kile ambacho ugonjwa haukuwa umekigusa.

Neno sarabi, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni mazigazi: yale maji ya uongo yanayometameta mbele ya msafiri wakati wa jua kali. Hewa ya moto iliyo karibu na ardhi huupinda mwanga wa mbingu, na jicho hudhani limeona ziwa. Atokaye Wajir kwenda Moyale kwa kupitia Buna, katika nyanda kavu za Kaskazini Mashariki mwa Kenya, hahitaji kamusi kulielewa. Watoto wa Buna, ambao nyumbani husema Kisomali au Kiborana na Kiswahili hukikuta shuleni, huyaona mazigazi kabla ya kulijua neno lenyewe.

Lakini si jina tu linaloifikisha filamu hiyo Buna. Baada ya Mufasa kuuawa na nduguye Scar, ukame na njaa vinaiingia nchi. Scar anamwita Sarabi na kumtaka aeleze kwa nini simba majike hawaleti nyama. Sarabi anamweleza kwamba wanyama wamehama na hakuna kilichobaki ila nao kuondoka. Scar anakataa kwa kuwa yeye ni mfalme na neno lake ni sheria.

Mfugaji wa Buna angemwelewa Sarabi papo hapo. Katika nchi ambayo mvua huja mahali na kukosa mahali, malishe yakiisha watu huhama na mifugo yao. Kuhama huko hakuhesabiwi kuwa ni kushindwa. Ni elimu ya kuishi iliyorithiwa kwa vizazi. Kiongozi anayewazuia watu wake kuhama ili tu abaki na kiti chake huwaangamiza wao na ng'ombe wao. Katika kibonzo cha watoto, malkia huyo ndiye pekee anayethubutu kumwambia mtawala kwamba nchi imekwisha.

Sarabi anapomwambia Scar kuwa hafikii hata nusu ya Mufasa, anapigwa kofi na kuanguka. Ni kipigo hicho kinachomtoa Simba alikojificha na kumfanya ajitokeze. Kwa mara ya tatu, baada ya Bell na Aoleon, mwanamke wa pembeni amesema neno na hadithi imegeuka.

Filamu hiyo ilitoka Juni 1994 na kuwa miongoni mwa filamu za vibonzo zilizotazamwa zaidi duniani. Mwaka huo huo Sinclair aliingia katika kipindi cha vichekesho cha Me and the Boys cha kituo cha ABC, akiwa nyanya wa wavulana watatu wasio na mama. Baba yao alichezwa na mchekeshaji Steve Harvey, ambaye hicho ndicho kilikuwa kipindi chake cha kwanza cha namna hiyo. Kilikatizwa mwaka 1995. Mwezi wa Desemba mwaka huo, Sinclair akafariki dunia.

Jamaika haikumsahau. Mwaka 2000, miaka mitano baada ya kifo chake, serikali ya kisiwa hicho ilimtunukia nishani ya Order of Distinction katika daraja la Kamanda.

Nafasi zake zimeendelea kuishi mikononi mwa wengine. Filamu ya The Lion King ilipotengenezwa upya mwaka 2019, sauti ya Sarabi ilitolewa na Alfre Woodard, na mwaka 2024 filamu ya Mufasa ikasimulia ujana wa malkia huyo kwa sauti ya Tiffany Boone. Katika Coming 2 America ya mwaka 2021, mfalme Jaffe Joffer alirudi bila malkia wake. James Earl Jones mwenyewe alifariki Septemba 9, 2024 akiwa na miaka 93.

Miongoni mwa wale waliompoteza Sinclair mapema, hesabu ya miaka yake inashangaza. Aliigiza kwa miaka 27 tangu aondoke Kingston, na karibu nusu ya hiyo alikuwa mgonjwa. Hakuwahi kupewa filamu kubwa iliyobeba jina lake peke yake. Alichopewa ni nafasi za kina mama na wake wa watu, kisha akahakikisha kwamba hakuna anayetoka sebuleni wakati mama huyo anazungumza.